Sato Wasiopiga Hodi

Mkwe wangu ni mtu aliyesoma. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani alifanya aliyoyafanya kwa ujinga. Ujinga ni wetu sisi tulioishia darasa la nne. Yeye alisomea biashara, akaja Stockholm, akaosha magari, akaendesha teksi, mwisho akafungua duka la vyakula vya kwetu pale Rinkeby. Sato wa barafu kutoka kwao Mwanza, dagaa, kisamvu, unga wa muhogo, mawese kwa ajili ya Wakongo. Duka zuri, safi. Lilikuwa na kasoro moja ndogo tu: wateja hawakuja.

Sasa sisi tusiosoma, wateja wasipokuja, tunapunguza bei. Aliyesoma anatuma ujumbe.

Namba alizipata kwa mkewe, yaani binti yangu. Binti yangu ndiye aliyekuwa na namba za akina mama wote wa kikundi chetu cha misiba kanisani. Miaka ile simu zilikuwa bado za vibonye, na kikundi kilikwenda hivi: mtu akifiwa, awe Mrundi, Mkenya au Mkongo, binti yangu anatuma ujumbe mmoja kwa wote, na jioni hiyo nyumba ya mfiwa inajaa watu na masufuria ya wali. Namba zilitolewa kwa kazi hiyo. Sikumbuki mama hata mmoja aliyesema, "Shika na namba yangu, mumeo akikwama na samaki anijulishe."

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, hapa Akalla, ni Mrundi. Wakati huo mama yake mzazi alikuwa amelazwa Bujumbura, na hali si nzuri. Kaka yake alikuwa akimletea habari kwa ujumbe, maana kupiga simu kulikuwa ghali. Basi yule mwanamke alitembea na simu kifuani kama mtoto mchanga, na kila ilipolia rangi ilimtoka.

Siku moja alikuwa jikoni kwangu, tunamenya ndizi. Simu ikalia. Akaitoa, asiitazame, akaninyooshea.

"Nisomee, dada. Mimi siwezi."

Mimi kusoma nasoma, ila neno kwa neno, na miwani yangu ilikuwa sebuleni. Nikaishika simu mbali na uso.

"Ndugu... wapendwa," nikasoma.

Akakaa sakafuni. Jumbe zetu za msiba huanza hivyohivyo.

"Tuna... wajulisha..."

Akajifunika uso kwa kitenge. "Uwii, mama wangu!"

"...kwamba sato... wameingia."

"Nani ameingia?" akauliza kutoka ndani ya kitenge.

"Sato."

"Sato ni nani?"

"Samaki. Wakubwa. Anasema uwahi mapema."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliinuka, akakunja kitenge chake taratibu, akasema, "Huyo ni mkweo," akashuka kwake. Ndizi nilimalizia peke yangu.

Kesho yake nikapanda basi la Rinkeby. Mama mkwe hagombani na mkwe, huo ndio ustaarabu. Kwa hiyo sikugomba. Nilisimama mbele ya friza na mkoba wangu, nikawa ninawaangalia samaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sato hawajambo?"

Akajua. "Mama, biashara siku hizi ni mawasiliano. Na watu wenyewe ni wa nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyekataa."

"Hakuna hata mmoja aliyeulizwa."

Binti yangu, nyuma ya kaunta, akapata kazi ya ghafla ya kupanga makopo ya nyanya yaliyokuwa yamekwisha kupangwa.

"Ni kweli, mama," akasema mkwe wangu. "Hata sheria ya huku inataka kwanza upate samtycke." Samtycke ndiyo idhini kwa Kiswidi. Alilitamka neno hilo kama daktari anayetaja ugonjwa.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilijua kidogo." Halafu akachangamka, kama watu wa biashara wanavyochangamka. "Mama, si ungetusaidia wewe kuwauliza? Wewe wanakuheshimu sana."

Nikaona hapo amesema la maana. Jumapili, baada ya ibada, watu walipokaa kunywa kahawa, nikapita meza kwa meza, Biblia kwapani na sinia la maandazi mkononi. "Mkwe wangu anataka kukutumia habari za duka lake. Unakubali, hukubali?"

Walikubali wote. Jamani, watu wema wale! Mmoja alikubali kabla sijafika kwenye neno "duka". Mwingine alikubali na samaki hali, anavimba mwili. Mzee mmoja alikubali kwa moyo wote, na simu hana. Hata jirani yangu alisema, "Sawa, dada," akiangalia kikombe chake. Nikampelekea mkwe wangu samtycke zake, kapu zima. Akafurahi, akaanza kutuma upya. Leo dagaa, kesho kisamvu, keshokutwa dagaa tena kwa kuwa wa juzi bado wapo.

Duka likabaki vilevile. Ila jirani yangu nikawa simwoni. Nikisikia mlango wake unafunguka, mpaka nifike kwenye ngazi umekwisha kufungwa.

Halafu mchana mmoja simu yangu ikalia. Kaka yake, kutoka Bujumbura. Namba yangu alikuwa nayo ya dharura.

"Mama, mbona dada yangu hapatikani? Nimemtumia ujumbe mpaka nimechoka."

"Kuna nini? Niambie nimpelekee."

"Hapana, mama. Hili asome mwenyewe. Mwambie tu awashe simu."

Nilishuka zile ngazi na magoti yangu haya. Nikapiga hodi, nikasubiri, nikapiga tena. Akafungua.

"Simu yako iko wapi?"

"Kabatini. Chini ya mashuka. Nimeizima."

"Na mama yako mgonjwa?"

"Ndiyo sababu. Kila ikilia nakufa, dada. Halafu naangalia, naona kisamvu."

"Si ulikubali! Nilikuuliza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Akaniangalia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu zile ndizi. "Uliniuliza mbele ya mchungaji, na andazi lako liko mdomoni mwangu. Ningesemaje?"

"Ungesema hapana."

"Wewe? Wewe nani anakuambia hapana?"

Nikafikiri kidogo. Nikamkumbuka yule mzee asiye na simu. Nikatoa simu yangu palepale mlangoni, nikampigia mkwe.

"Futa namba."

"Ya nani, mama?"

"Zote. Za kikundi chote."

"Lakini mama, tunayo samtycke ya kila mtu!"

"Ile haifai. Nimeikusanya mimi. Anayetaka habari zako aje dukani aandike namba mwenyewe, siku ambayo mimi sipo, na akichoka akakwambia uache, uache. Futa. Nasubiri."

"Mama, wataandika wangapi?"

"Utawahesabu. Si umesoma?"

Alifuta. Nilimsikia binti yangu akimsimamia, kwa sauti ambayo nadhani aliirithi.

Jirani yangu akaenda kabatini, akarudi na simu, akaiwasha. Ikalia, ikalia, ikalia kama king'ora. Akawa anabonyeza na kusoma kwa sauti: dagaa, unga, kisamvu, sato, sato tena. Halafu akafika kwenye ujumbe wa kaka yake. Nikanyoosha mkono nimsomee. Akanikatalia kwa kichwa.

Alisoma mwenyewe, amesimama.

"Mama ametoka hospitali," akasema. "Amegombana na manesi, amedai uji wake uwe na sukari."

Akakaa kwenye kiti, akalia, akajifuta. Nikabaki pale mlangoni, kwa kuwa kukaribishwa nilikuwa bado. Akaniona.

"Ingia basi, dada. Unasimama nini hapo?" Akasogeza kiti kingine. "Hao sato wenyewe wakoje?"

"Wana miiba," nikasema, nikaingia.