Fataki za Nisha, Maharagwe ya Shosho

Nikiwa darasa la nne, pale Kiganjo, Thika, nilijua kwa hakika kwamba mvua ina masikio. Shosho, nyanya yangu aliyenilea, ndiye aliyenifundisha. Mwezi wa kumi ukifika, hakuna kugonga mabati wala kupasua puto. Mvua ya vuli ikisikia mshindo kabla haijafika, alisema, inageuza njia na kwenda kunyeshea wengine. Chekeni tu. Mimi nilikuwa nafunga hata mlango wa choo polepole.

Mwaka ule serikali iliruhusu fataki za nyumbani wakati wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi, na chifu wetu akaongeza sharti lake: jirani wa karibu akubali kwanza. Akina Nisha, Wahindi pekee mtaani, jirani yao wa karibu alikuwa Shosho. Na Shosho alikuwa amepanda maharagwe juzi tu, kwenye udongo mkavu, akiingoja mvua.

Mama Nisha alikuja na sahani ya vitamutamu vya maziwa. Nisha, rafiki yangu, alikuwa amejificha nyuma yake.

"Shosho, miaka yote tunawasha taa tu. Huyu mtoto hajawahi kuona fataki kwao nyumbani."

"Mvua itasikia," Shosho akasema.

"Kwa hivyo nisiwashe?"

Shosho alitazama shamba lake, kisha akamtazama Nisha.

"Krismasi mimi huimba mpaka asubuhi na hujawahi kuniambia ninyamaze. Washa, mama. Lakini mwisho saa mbili."

Jioni hiyo alikaa kwenye kigoda, leso imefunika masikio, akisema "Ngai!", yaani Mungu, kila fataki ilipopasuka. Mpaka leo sijui kama alikuwa akishangaa au akiomba.

Mvua haikuja. Wiki ya kwanza, ya pili. Kuku walichakura mbegu, na zilizobaki zikaliwa na mchwa. Kwenye mfereji wa maji maneno yakaanza: ni wale Wahindi, wamefukuza mvua. Siku moja mwanamke mmoja alimwambia Mama Nisha atoke kwenye foleni. Shosho akaweka mtungi wake chini.

"Aliyeruhusu ni mimi. Mwenye neno aniletee mimi. Na maharagwe yaliyokufa ni yangu, sijaona mtu akija kunisaidia kuyalilia."

Alimshika Mama Nisha mkono, akamweka mbele yake. Nilijivunia Shosho siku hiyo mpaka nikafika nyumbani bila ndoo yangu.

Mvua ilikuja wiki ya nne. Tulipanda upya, mimi na Nisha tukitia mbegu mbili mbili kwenye kila shimo.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kana kwamba Shosho aliacha imani zake za kale. Nilikosea. Mpaka anafariki alisema fataki zile ndizo zilizommalizia maharagwe. Mtu asiyeamini angeruhusu bila kupoteza kitu. Yeye aliamini, alijua shamba lake liko hatarini, na bado alimpa mtoto wa jirani sikukuu yake.

Sasa ninaishi Ruiru, na nyuma ya nyumba nina sukuma wiki na mistari mitatu ya maharagwe. Juzi kijana wa Kihindi wa nyumba ya pili alinibishia hodi.

"Auntie, Diwali hii tumeruhusiwa fataki. Hazitakusumbua?"

Nilitazama juu. Kulikuwa na wingu moja tu, dogo, upande wa Murera. Nikamwambia awashe.