Mama Sabuni na Homa Iliyorudi

"Hivi, Mama Sabuni, huogopi kutuletea maradhi ya watu mtaani kwetu?" jirani yake alimuuliza siku moja wakianika nguo.

"Jirani, maradhi yangekuwa yanafuata nguo zilizochemshwa, mie ningeshazikwa mara ishirini."

Alikuwa dobi wa hospitali, mwaka wa ishirini na sita sasa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya wodi: masufuria mawili makubwa, beseni za bati, kamba tano za kuanikia. Mashuka yote yalipita mikononi mwake, pamoja na nguo za wagonjwa wasio na ndugu wa kuwafulia. Na alikuwa na tabia moja ambayo hakumwambia mtu. Akikuta chawa kwenye mishono ya nguo, aliitumbukiza haraka kwenye maji yanayotokota, akaipiga pasi, akairudisha imekunjwa vizuri. Umaskini unatosha kumwaibisha mtu, alisema moyoni. Hakuna haja chawa nao waje kutoa ushahidi.

Basi asubuhi moja akashika shati lililoshonwa kwapani kwa uzi wa kijani. Akalitambua. Alikuwa amelichemsha siku kumi na mbili nyuma, mayai ya chawa yamejipanga mshononi kama ufuta. Mwenyewe ni kibarua wa barabara. Alilazwa na homa kali, kichwa kinampasuka, miguu haigusiki kwa maumivu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Siku ya tano akatoka jasho kama aliyemwagiwa ndoo, homa ikashuka, akaruhusiwa. Sasa karudishwa, macho ya manjano, anaweweseka na kumwita msimamizi wa kazi aliyemleta "mama". Na shati lina chawa tena.

Mama Sabuni akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila siku huwaambia wenzake kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Kumbe mfichaji ni yeye, tena anaficha ya mwenzake. Akisema, mtu mzima ataaibika mbele ya wodi nzima. Asiposema, shuka linalofuata huenda likawa la kumfunika uso. Akaomba kwa ufupi, akalifunga shati kwenye mfuko, akaenda.

"Leo umeleta maombi au malalamiko ya sabuni?" sista wa wodi akamtania.

"Namtaka daktari, mwanangu. Peke yake."

Daktari, binti aliyelingana na kitinda mimba wake, aliuchungulia mfuko, akaambiwa shati ni la nani. "Mara ya kwanza pia walikuwepo?"

"Walikuwepo. Niliwachemsha. Nisamehe."

"Mama, hao ndio niliokuwa nawatafuta bila kujua."

Damu ikachukuliwa upya homa ikiwa juu, ikatazamwa kwa darubini: vijidudu vyembamba, vimejisokota kama nyuzi. Ilikuwa homa inayojirudia, ile inayoletwa na chawa wa nguo. Kibarua akapewa dawa. Daktari alishaonya kwamba mgonjwa atatetemeka kwanza, na kweli alitetemeka hadi kitanda kikalia, masista wawili wamemshika, Mama Sabuni amesimama mlangoni midomo ikicheza kwa maombi. Alasiri akatulia. Kesho yake akaomba chakula, kisha akaomba cha pili.

Siku ya kuondoka, kibarua alipita nyuma ya wodi.

"Mama, ni wewe uliyeniumbua?"

"Ni mimi, baba."

"Basi na wewe Mungu akupe wa kukuumbua hivyohivyo, siku utakapohitaji."

Wakacheka wote wawili mpaka Mama Sabuni akajifuta macho kwa pindo la kanga. Kibarua akamwambia kwamba wenzake kumi na wanne wa kambi ya barabara wamekaguliwa, watatu wameshatibiwa, na mablanketi yao yote yamechemshwa. Mama Sabuni akamshukuru Mungu kwa kila mmoja wao, ingawa hakuwajua hata kwa sura.

Wiki hiyo, kwenye mkutano wa asubuhi, daktari alimsimamisha mbele ya wafanyakazi, akamshukuru, akamuuliza angependa afanyiwe nini. Wengi walijua ataomba mashine ya kufulia. Yeye akakausha mikono kwanza.

"Naomba mgonjwa wa homa akiulizwa habari za chawa, aulizwe pembeni, pazia likiwa limefungwa, na asichekwe."