Kengele Kwanza, Baiskeli Baadaye

Harufu ya mabibo yaliyoiva na kuanguka chini ya mikorosho, yakaanza kuchacha kwa jua la saa nne, ndiyo inayonirudisha kijijini kwetu Makote. Ni harufu tamu yenye ukali kidogo, na aliyekulia kwenye uwanda wa Newala haisahau hata akihamia wapi. Siku hizi naishi Masasi mjini, na nyuma ya nyumba yangu kuna mikorosho mitatu. Kila ifikapo Oktoba nafungua dirisha la jikoni asubuhi, na kabla sijageuka kutazama chai nakuwa tena binti wa miaka kumi, miguu imejaa mchanga mwekundu, nimeshika usukani wa baiskeli yangu ya kike ya rangi ya buluu. Nasema yangu, na hapo ndipo kisa kilipo.

Baba aliinunua mwaka ambao korosho zilikubali. Maji yalikuwa taabu kwetu. Bomba la kijiji liliweza kukauka wiki nzima, na kisima cha uhakika kilikuwa bondeni, njia ambayo kushuka ni kicheko na kupanda ni toba. Mama aliipanda kila siku na ndoo kichwani. Baiskeli ilipokuja, baba alifunga madumu mawili kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu, akaniambia kwamba mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, basi baiskeli ni yangu, na maji ni yangu pia. Nilipokea yote mawili bila kufikiri. Jioni niliipangusa kwa kipande cha kanga, mnyororo nikaupaka mafuta ya kula niliyoyaiba jikoni, na kengele niliipiga hata njia ikiwa tupu. Jirani yetu Mzee Swalehe, Myao mwenye duka dogo la chumvi na sabuni, alikuwa mtani wetu, maana Wayao na Wamakonde wametaniana tangu enzi za mababu, na mtani hana haya. Kila nilipopita nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa heshima zote, kisha akasema, "Wamakonde mmepata chuma, sasa hata kuku hawana amani." Na kweli kuku walikuwa wakinikimbia.

Mama alikuwa hodari wa kuficha maumivu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwake kilikaribia sana. Asubuhi moja, katikati ya msimu, aliinama kuokota korosho akashindwa kuinuka. Baba alimkalisha kwenye keria, akaikokota baiskeli kwa mbele, mimi nikawa nyuma nimemshikilia mgongoni, tukaenda hivyo mpaka hospitali. Mgongo wake uliwaka kama chungu kilichotoka jikoni. Wao waliingia ndani, nami nikaachwa nje niilinde baiskeli. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikapiga magoti kwenye changarawe, nikashika tairi la mbele, nikamwambia Mungu kwa sauti ile ile niliyozoea kumwomba baba daftari: mama akipona, baiskeli ni yako. Sikujiuliza ataifanyia nini. Katekista wetu, Mwalimu Benedikti, alitufundisha kwamba Mungu anasikia, nami niliona kwamba anayesikia lazima anakumbuka.

Mama alipona. Alirudi nyumbani amekonda, akaanza kuzozana na mbuzi, nasi tukajua amerudi kweli. Mimi ndiye niliyeanza kuumwa, ugonjwa wa kutotaka kutoa. Jumapili ya mavuno ilikaribia. Kwetu siku hiyo watu huleta walichonacho, mbaazi, mihogo, kuku aliyefungwa miguu, vikawekwa mbele ya altare, na baada ya ibada vikanadiwa nje ya kanisa. Mnada huo huvuta kijiji kizima, Wakristo na Waislamu, maana papai moja laweza kununuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena mpaka lilainike mikononi mwa watu. Jumamosi nilichukua spana ya baba nikafungua kengele. Nilijiambia kwamba kengele ni sehemu ya baiskeli, tena sehemu iliyo nzuri kuliko zote, na kwamba Mungu ni mwingi wa huruma. Nikaifukia kwenye kikapu cha mbaazi, nikaipeleka mbele nikiwa nimeinamisha kichwa. Mchungaji aliyekuwa mgeni siku hiyo alidhani ni unyenyekevu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mnadani. Mnadi alipomimina mbaazi, kengele ilidondoka ikalia, na watu wakacheka mpaka wakashikana. Mzee Swalehe alikuwa amekuja kutafuta kunde. Akatoa jogoo aliyemshika kwapani, akainunua, akaenda kuitundika kwenye mlango wa duka lake. Tangu siku hiyo kila mteja akiingia kengele ililia, nami nikaisikia kutoka kisimani mpaka kitandani. Nikipita aliniita, "Mama mdogo, nieleze. Kwenu Mungu hupewa kengele, baiskeli mkabaki nayo nyinyi?" Alikuwa akitania tu, hakujua lolote juu ya ahadi yangu. Lakini swali lilikuwa lile lile nililokuwa nikijiuliza. Nilimaliza wiki tatu hivyo. Siku ya mwisho nilishuka kwenye baiskeli, nikaketi chini mbele ya duka, nikalia, nikamwambia yote. Mzee wa watu aliacha kucheka. Alinipa kipande cha sukari guru akaniambia, "Kamwambie baba yako. Mimi siwezi kukusemea hilo."

Baba alikasirika. Akauliza mtoto anaahidije mali ya nyumba nzima, akauliza maji yatapandaje kutoka bondeni, akasema Mungu si mchuuzi wa kubadilishana naye vitu. Yote hayo yalikuwa kweli, na nilipomwona anaitazama baiskeli nilijua kwamba ilimgharimu korosho za mikorosho mingi. Mama ndiye aliyekata shauri. Alikuwa akichambua mchicha, hata kichwa hakuinua. "Mwache apeleke, Baba Anastazia," alisema. "Kilichoahidiwa kimeahidiwa. Maji nitajitwika, shingo ninayo." Baba akachukua kitambaa akaanza kufuta vumbi kwenye magurudumu.

Jumapili iliyofuata niliisukuma baiskeli katikati ya kanisa, mnyororo ukilia tik tik tik, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu kijijini habari hutangulia mtu. Wazee wa kanisa hawakuinadi. Walimpa Mwalimu Benedikti, aliyekuwa akitembelea vijiji vinne kwa miguu, na ndala zake zilikuwa zimeshonwa mara nyingi kuliko nguo zake. Tulipotoka nje, Mzee Swalehe alikuwa amesimama akitusubiri, spana mkono mmoja na kengele mkono wa pili. Akainama, akaifunga mahali pake, akaijaribu mara mbili. "Chombo cha Mwenyezi Mungu hakipiti kimyakimya," alisema. "Jogoo wangu najua mmeshamla, nimewasamehe." Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na nilikuwa na furaha, na mpaka leo sijui kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Tulirudia ndoo. Mama alipanda mteremko ule miaka mingi, mimi nikimfuata nyuma, na mara nyingine tukiwa njiani tulisikia kengele ikija, tukakaa pembeni Mwalimu apite. Alitupungia mkono, akatusaidia dumu moja akiwa na nafasi.

Sasa vijana wa bodaboda wanafika Makote wakiwa na abiria wawili na godoro, na mimi nina gari. Masika iliyopita mama aliugua tena. Nilimleta hospitali nikiwa na kadi ya bima, namba za madaktari kwenye simu, na nikakaa kwenye benchi la korido nikaomba kama watu wazima tunavyoomba, kwa maneno mengi yenye milango ya kutokea. Nikataka kumwahidi Mungu kitu. Nikafikiria gari, nikafikiria kiwanja changu cha Lisekese, na nikaona aibu, kwa sababu hakuna hata kimoja nilichokipenda kama ile baiskeli. Basi nikasema, mponye, nikaishia hapo. Ndiyo sala fupi kuliko zote nilizosali tangu siku ile ya changarawe.

Siku ya tatu alifungua macho akaomba uji. Nilimnywesha kwa kijiko, akanitazama kwa muda.

"Safari hii umemwahidi nini?" aliuliza.

"Sijaahidi kitu, mama. Nimeomba tu."

"Afadhali," alisema, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Ile baiskeli niliipenda na mimi."