Mbwa Hajui Ukwe

Katika mji mzima wa Tukuyu, wenye wauza maziwa, mafundi, waendesha bodaboda na wanafunzi wangu watundu, mbwa wetu alichagua mtu mmoja tu wa kumng'ata, naye ni baba mkwe wangu. Mpaka leo wapo mashemeji wanaoamini kwamba nilimtuma.

Sikumtuma. Ila nilimfundisha bila kujua, na ubishi wangu wote haunisaidii kulikwepa hilo.

Mimi si mtu wa Rungwe. Nilipangiwa kazi ya ualimu huku nikitokea Singida, nikiwa na sanduku moja na sweta moja, nikidhani sweta moja inatosha. Baadaye nikaolewa na fundi seremala wa hapa hapa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa mila ya mkamwana. Kwa wazee wa huku, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni wala hazungumzi naye. Akisikia anakuja, anampisha. Siku hizi wengi wameilegeza, na mjini wapo mabinti wanaopiga picha na wakwe zao wameshikana mabega. Mama mkwe alinieleza mara moja tu, kwa upole, jikoni kwake Lufingo: "Ukimsikia baba anakuja, mwanangu, mpishe."

Sasa mimi nina kiburi cha mgeni. Sikutaka mtu yeyote aje kusema kijana wao kaenda kuokota mwanamke asiye na adabu. Nikaamua kuwa mkamwana kuliko wakamwana wote wa Rungwe. Kwa hiyo sikupisha, nilikimbia.

Kila Jumamosi mzee alikuja na bodaboda kutoka Lufingo, amepakia mkungu wa ndizi. Alikuwa mstaarabu. Akishuka, alikohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa wowote ili nijue kwamba amefika. Nikikisikia nilitupa chochote nilichoshika, nikapita mlango wa nyuma mpaka migombani, na huko nilikaa nimechuchumaa hata saa nzima, mvua ikininyeshea. Kadiri miezi ilivyokwenda, kikohozi kilianza kusikika mbali zaidi, kwanza getini, kisha kwenye kona ya mtaa, kisha kule kwenye duka la vocha. Nikajua ananihimiza, nikaongeza mwendo.

Mbwa alikuwa akiyaona yote haya. Nilimpata kwa mwalimu mwenzangu anayelima viazi Isongole, nikamleta nyumbani Bagamoyo, Bagamoyo hii yetu ya Tukuyu isiyo na bahari, nimempakata ndani ya kiroba. Mume wangu alikataa mbwa apewe jina. Alisema ukimpa mbwa jina, kesho atadai chumba. Tukawa tunamwita "wewe", naye akaitika vizuri tu. Nilimpenda mno. Mwaka wangu wa kwanza kwenye nyumba ile, mume akiwa kwenye karakana mpaka jioni, yeye ndiye aliyekuwa ananisikiliza nikilalamika kuhusu baridi.

Jumamosi moja nilikuwa barazani nachambua maharage, mbwa amelala miguuni pangu. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba sikukisikia kikohozi cha dukani. Nilishtukia mzee amekwisha fika getini, ana koti jeusi refu na mwavuli mkubwa. Nikautupa ungo. Maharage yakamwagika baraza zima, mimi nikachomoka. Nyuma yangu nikasikia ngurumo, kisha mzee akasema neno la Kinyakyusa ambalo mama mkwe hajawahi kunifundisha.

Mbwa alikuwa amemng'ata kwenye shavu la mguu. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, mzee alikuwa amevaa viatu vya kanisani badala ya gambuti. Mume wangu akatoka mbio, akamfunga mbwa, akabaki anazunguka hajui la kufanya. Somo la afya ninalifundisha mwenyewe darasani, kwa hiyo nilianza kupiga kelele kutoka migombani, nimewapa mgongo kwa heshima: "Sabuni! Muoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka! Robo saa nzima! Usimpake mafuta ya taa!" Maji yanayotiririka hayakuwa tatizo, tulikuwa Tukuyu. Walimkalisha chini ya ukingo wa bati na mvua ikafanya kazi yake. Kisha wakaenda hospitali, mzee akaanza sindano za kichaa cha mbwa siku ile ile.

Mimi nilirudi barazani na mwiko, nikampiga mbwa. Naona aibu kuliandika. Alilala chini akanitazama kama mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu halafu akakatwa mshahara.

Jioni mama mkwe alipiga simu. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema mtaalamu wa mifugo amewaambia mbwa asiuawe kwanza, afungwe aangaliwe siku kumi, na akibaki mzima basi hakuwa na kichaa. "Siku kumi zikiisha," akasema, "huyo mbwa aondoke. Baba yenu hawezi kwenda kwa mwanawe kama anayeingia porini." Kuondoka maana yake tuliijua sote. Shemeji yangu mmoja alikuwa amekwisha jitolea.

Mtaalamu wa mifugo wa kata alikuja kesho yake, dada mmoja mwenye buti zenye tope na macho ya kucheka. Aliomba kadi ya chanjo. Ilikuwepo, nashukuru Mungu kwa hilo. Kisha akakaa barazani na kikombe cha chai, akauliza mbwa amewahi kumng'ata nani mwingine. Hakuna. Muuza maziwa? Wanacheza. Mafundi wa umeme? Aliwalalia miguuni. Akauliza, "Na wewe, mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Baada ya kung'atwa?"

"Hapana. Kabla."

"Unakimbia nini sasa?"

"Mkwe anakuja!"

Aliweka kikombe chini akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mama, mbwa hajui ukwe. Huyu anachojua ni kwamba kuna mtu mmoja akikohoa tu, mama mwenye nyumba anatupa ungo na kukimbia kuokoa roho yake. Kila Jumamosi! Sasa wewe ungekuwa mbwa ungefanyaje?"

Waswahili wanasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hawakusema mbwa wa mwoga huwaje, lakini mimi niliambiwa siku ile. Dada yule akanieleza kwamba mbwa wengi hawang'ati kwa ubaya, wanang'ata kwa hofu, na kabla ya kung'ata wanaomba kwanza waachwe. Anakakamaa. Anajilamba mdomo wakati hakuna chakula. Anageuza uso huku weupe wa jicho unaonekana. Ananguruma. Dalili hizo sikuwahi kuziona kwa sababu kila zilipotokea mimi nilikuwa migombani. Kuhusu mwiko alinisema kabisa: "Ukimpiga anaponguruma, unamfundisha aache kunguruma. Siku nyingine atang'ata kimya kimya."

Dawa yake ilikuwa rahisi kuisema. Kikohozi kisikike, mimi nisiinuke, mbwa apewe dagaa. Basi. Tuanzie mbali, tusogee kidogo kidogo, na mbwa akikakamaa turudi nyuma.

Tulianza jioni hiyo. Mume wangu alivaa koti jeusi, akachukua mwavuli, akaenda kwenye kona akakohoa. Mbwa alisimama. Na mimi, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, nikijua wazi kwamba yule ni mume wangu niliyempikia mchana, niliona miguu yangu imeshanifikisha mlango wa nyuma. Mume wangu alicheka hadi mwavuli ukapinduka. Siku ya tatu niliweza kukaa. Siku ya tano mbwa alikuwa akisikia kikohozi ananitazama mkononi kutafuta dagaa. Siku ya nane jirani alikuja kutuuliza kama mume wangu amepima kifua kikuu.

Lakini kikohozi cha mume si kikohozi cha mkwe, na siku zilikuwa zinaisha. Shemeji alituma ujumbe kwamba Jumatano ana nafasi. Usiku nililala vibaya. Nilimkasirikia kila mtu, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana ndiye niliyestahili. Mwisho nilimpigia mama mkwe nikamweleza yote, hata la mwiko. Akasema, "Haya, ndaga, asante mwanangu. Nitamwambia."

Siku ya kumi mzee alikuja. Alikohoa kwenye kona, taratibu. Nilikuwa barazani na maharage yangu, mbwa kafungwa kamba pembeni yangu. Nikakaa pale pale. Nikainamisha kichwa, nikageuka kidogo upande wa ukuta, nikatupa dagaa. Mume wangu akamwekea mzee kigoda karibu na geti na kumpa maelekezo ya mtaalamu: asimtazame mbwa machoni, asimwelekee, ampe ubavu au mgongo, asimfuate, amwache mwenyewe aamue.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi, akatugeuzia mgongo, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Usimtazame usoni, usimsogelee, mpe mgongo," akasema. "Kumbe huyu naye ni mkamwana!"

Tukakaa hivyo, yeye katazama barabarani, mimi ukutani, na mbwa katikati akila dagaa. Hakukakamaa. Baada ya muda alilala, kichwa juu ya miguu yake ya mbele. Hapo mzee akaanza kuzungumza, na katika miaka miwili ya ndoa yangu, ukiacha lile neno la siku ya kung'atwa, ilikuwa mara ya kwanza namsikia akifanya zaidi ya kukohoa. Lakini hakuzungumza nami. Mila ni mila. Alizungumza na mbwa.

"Mwambie mama yako sikuumia fijo, si sana hivyo. Sindano ndizo zilizouma."

Mbwa akapiga mkia mara moja.

"Mwambie tena. Mke wangu alimpisha baba yangu mpaka tulipomzika. Alikuwa anainuka taratibu, na ungo wake mkononi, anaingia ndani. Huyu anakimbia kama nimekuja na panga. Miaka miwili najiuliza, nimemkosea nini mtoto wa watu? Nikasema labda nakohoa karibu mno, namshtua. Nikawa nakohoa mbali zaidi kila nikija, apate nafasi ya kwenda polepole."

Niliacha kuchambua. Machozi yalinitoka yakaangukia maharage. Kumbe mzee wa watu alikuwa anakohoa kule dukani kwa kunihurumia, na mimi nikazidisha mbio.

Nilimshika mbwa shingoni. "Mwambie babu yako hajanikosea kitu," nikasema. "Mwambie nilitaka asipate la kunisema."

Mzee akajipangusa uso, nadhani ni mvua.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Na wewe mwenyewe, mbwa, Jumatano huendi popote."

Bado tunamfunga kamba wakija watoto au watu asiowajua, na akijilamba mdomo bila sababu namwondoa pale kabla hajaomba mara ya pili. Mzee bado anakuja kila Jumamosi, bado ananipa mgongo, na habari zote za Lufingo nazipata kupitia kwa mbwa. Akishuka kwenye bodaboda anakohoa pale pale getini. Mimi nainuka na ungo wangu, nampisha hatua tatu mpaka kwenye mkeka wangu kando ya ukuta, nakaa. Anayekimbia siku hizi ni mbwa peke yake, na anakimbilia getini.