Nilimkata Kichwa Shemeji Yangu, Nikaacha Shanga

Msiniulize jina, maana nikilitaja hapa Bariadi hata wauza nyanya watanijua. Na sitasema niliteleza. Anayeteleza hakupanga kuanguka. Mimi nilivuta kiti, nikanywa chai, nikafanya huku nacheka.

Kazi yangu ni kutengeneza mabango. Harusi, misiba, mikutano ya injili, maduka ya mbegu, vyote vinapita kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa na jina mjini: ukitaka bango la kusimamisha watu, nenda kwa yule bwana. Siri yangu ilikuwa moja tu. Weka mwanamke. Unauza tairi? Weka mwanamke ameinama. Unauza saruji? Weka mwanamke kakaa juu ya mfuko. Niliwaita "viungo", na neno hilo lina maana mbili, zote mbili nilizikusudia. Sikuwahi kujiuliza hao viungo ni mama wa nani.

Sasa sikia nilichofanya.

Kaka yangu mkubwa anaishi upande wa Kimali, ni mfugaji. Mke wake alijifungua mapacha. Kwetu Wasukuma mapacha hawapokelewi kimya. Inachezwa ngoma, na nyimbo zake ni za matusi, matusi kweli kweli! Mkwe anaimbiwa maneno ambayo siku nyingine yangevunja ndoa. Lakini siku hiyo hayahesabiki kuwa matusi, ni kinga ya watoto. Ngoma ikiisha maneno yanabaki pale pale uani, hakuna anayetoka nayo.

Mimi nilitoka nayo.

Shemeji alicheza siku ile, jamani. Kifua kimejaa maziwa ya watoto wawili, kanga imelegea imekiacha wazi, na shanga nyeupe na nyeusi alizotungiwa na mama yetu zinarukaruka shingoni. Nikatoa simu nikampiga picha. Tulikuwa watani wakubwa mimi na yeye, akaniambia nipige vizuri ili aende mjini. Tukacheka, mimi na yeye.

Miezi ikapita, akaja mteja mwenye duka la dawa za mifugo. Alitaka bango la dawa ya kuongeza maziwa ya ng'ombe. Nikamwekea ng'ombe mzuri, chuchu zimejaa. Akasema watu watapita tu, ng'ombe wanao nyumbani, anataka kitu kitakachosimamisha pikipiki. Nikakumbuka ile picha.

Nilimkata kichwa kwenye kompyuta ili asijulikane. Nikamsimamisha kifua wazi kushoto kwa ng'ombe, juu nikaandika kwa herufi nyekundu: AKAMULIWE YUPI? Mteja alicheka mpaka akashika meza. Nilijiona fundi! Kichwa nilikitoa vizuri sana, ila shanga nikaziacha, kwa sababu zilipendeza.

Bango likatundikwa mnadani, pale wanapouzia ng'ombe. Na kaka yangu alipeleka ng'ombe siku hiyo.

Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikuta wanaume wamelizunguka, kila mmoja anatupa lake, naye akatupa lake. Alisema huyo wa kushoto akamuliwe asubuhi na jioni, na ndama wafungwe mbali. Watu wakaangua kicheko, wakamgongea mikono. Alikuwa bado anacheka alipoziona shanga.

Nyumbani shemeji hakuficha kitu. Alisema ni picha ya siku ya ngoma, aliyeipiga ni mimi. Nikaitwa Kimali. Tukakaa uani kwa kaka, yeye, mkewe, mama na mimi. Kaka akaniuliza kama nilipiga picha siku ile.

Hapa ndipo ninapostahili mawe. Nilimwangalia shemeji usoni, pacha mmoja yuko kwenye ziwa lake ananyonya, nikasema, "Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Labda shemeji ananifananisha na mtu." Na bango? Nikasema mteja aliileta picha mwenyewe, mimi nilichapa tu.

Mteja aliileta mwenyewe! Mnaelewa nilichomwambia kaka? Dukani kwa yule mtu shemeji ndiye aliyekuwa anatumwa kununua dawa za mifugo. Nilimwuza mara mbili, mara ya kwanza kifua, mara ya pili jina.

Shemeji hakulia. Alinitazama tu, kama anasubiri nimalizie utani.

Kaka alimrudisha kwao, Sola. Mapacha wakabaki, kwa sababu ng'ombe wa mahari walishatolewa na watoto ni wa ukoo. Walikuwa hawajajua hata kutambaa. Aliondoka na kifua kimejaa, watoto wanalia ndani, mlango umefungwa. Mimi wakati huo nilikuwa Bariadi napokea wateja. Eti walitaka "kama lile la kukamua". Niliwatengenezea.

Mama akawa anawalea wale watoto kwa maziwa ya ng'ombe, yanawaharisha, wanakonda. Siku moja akaniita. Nilimkuta kampakata mmoja, mwingine kalala mkekani hana nguvu ya kulia.

"Zile shanga nilizitunga mimi," akasema, "na ngoma ilipoisha nilizikata kwa mkono wangu. Zimevaliwa siku moja tu. Siku ile aliyekuwa ameinua simu ni wewe. Uani nilinyamaza nikidhani utasema mwenyewe."

Nikasema, "Mayu, nisamehe." Mayu ndivyo tunavyomwita mama.

Aliniwekea mapajani yule aliyempakata. Mtoto akaanza kulia, anageuza kichwa anatafuta ziwa kwenye shati langu. Nikamtikisa, nikamwimbia, wapi! Mama akasimama akaniangalia. "Mnyamazishe," akasema. "Mwonyeshe bango."

Nilikwenda kwa kaka nikakiri yote. Nilitegemea anipige, na ningeshukuru. Hakunipiga. Aliniambia hata kama kosa ni langu, mke harudi, kwa kuwa mnada mzima umeshamwona, na yeye mwenyewe alicheka pamoja nao. Akaniuliza atamtazamaje mkewe wakati yeye mwenyewe ndiye aliyesema akamuliwe. Tangu hapo hataki hata kusikia sauti yangu, na mama akipika mimi siitwi.

Basi nikaenda Sola. Nilimkuta shemeji nyuma ya jiko la nje, amekaa kwenye kigoda, ameinama juu ya kikombe cha bati. Alikuwa anajikamua. Maziwa yalikuwa yamemvimbia, yanauma, na hana wa kumnyonyesha. Kikombe kilipojaa akakimwaga chini, mbwa akaja akalamba.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Shemeji."

Hakujifunika. Aliniangalia, akarudisha kikombe palepale.

"Si uliuliza akamuliwe yupi?" akasema. "Ni huyu. Piga picha sasa, na kichwa usikitoe."

Niliondoka nimeinama.

Bango nililing'oa mnadani kwa mikono yangu. Mwenye duka akaenda kwa fundi mwingine, akachapisha lile lile, kubwa zaidi. Bado lipo. Jua limeshakula rangi ya ng'ombe, lakini yeye anaonekana vizuri tu.

Enyi mnaotengeneza mabango, mnaopiga picha kwenye ngoma za watu, mwanamke hageuki kuwa si wa mtu kwa sababu umemtoa kichwa. Na nyinyi mnaosimamisha pikipiki kutazama, msijitoe, sikulitengeneza kwa ajili ya vipofu. Ukipita pale mnadani ukasikia kicheko kinakujia, angalia kwanza shanga. Huenda unamjua.