Wenyeviti Wawili Wananiposea

Kitongoji chetu kilikuwa na nyumba saba na wenyeviti wawili wa kijiji. Mpaka wa wilaya za Handeni na Korogwe ulikuwa kijito, na mwaka mmoja baada ya mvua kubwa kijito kikahama, kikaanza kupita nyuma yetu badala ya mbele. Mwenyekiti wa Handeni akasema sisi ni watu wake tangu zamani. Wa Korogwe akasema mpaka ni maji, na maji kila mtu anayaona. Basi Jumatatu tukalima shamba la ujamaa la huyu, Alhamisi la yule.

Nilipotaka kuoa binti wa kijiji cha Mashewa, mjomba wangu alipeleka posa. Hakutaka kumuudhi kiongozi yeyote, akawaalika wote wawili. Mimi, kwa desturi, nilingoja nje karibu na banda la mbuzi. Nilishukuru, maana mbele za watu sina maneno.

Nikamsikia wa kwanza: "Tumekuja kumwombea kijana wetu wa Handeni."

"Wa Korogwe," mwenzake akasahihisha.

"Tangu lini? Amezaliwa kwetu!"

"Na maji anachota kwetu!"

Posa wakaisahau kabisa. Mwishowe baba wa binti akamgeukia mjomba. "Siozeshi mtu asiye na kwao. Mwiteni mwenyewe."

Niliingia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

Wenyeviti walinikodolea macho. Nikimtaja mmoja, wa pili angeondoka na posa ingevunjika. Nikautazama mkeka.

"Hata mimi sijui, mzee. Nyumba yangu iko palepale. Wanaobishana ni wao."

Nyuma ya pazia mtu akacheka, na kicheko kile nilikijua.

Mzee naye akajizuia kutabasamu. "Na binti yangu atalima mashamba ya ujamaa mangapi?"

"Hata moja, mzee. Yote mawili nitalima mimi."

"Umesikia, mjomba mtu? Haya, lete hicho mlichokuja nacho."

Wiki ya kwanza ya ndoa zilikuja barua mbili. Kila mwenyekiti alimkaribisha mwanakijiji wake mpya na kumwita shambani. Mke wangu alizisoma zote taratibu, akazikunja.

"Ulimwahidi baba," akasema, akanikabidhi jembe.