Panga la Ndege Lililolia Vizuri

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana, nilipewa sarafu. Mhandisi Mkuu, mtu mrefu wa Ijuganyondo mwenye sauti ya kukufanya usimame wima, alinipeleka kwenye meza ambapo palilazwa panga moja la rafadha. Mapanga ndiyo yale yanayozunguka mbele ya injini na kuivuta ndege. Akaniambia niligonge kwa sarafu, polepole, kuanzia shina hadi ncha.

"Unasikia nini, Kamugisha?"

"Ti, ti, ti, mkuu."

"Endelea."

Karibu na ncha mlio ukabadilika, ukawa mzito. Pale ndani tabaka zilikuwa zimeachana.

"Hapo ndipo watu wanapofia," alisema, akaenda zake kunywa chai.

Nilibaki na sarafu mkononi, nikipagonga tena pale penye mlio mzito. Tangu siku ile nimekuwa mwoga, na sioni aibu kulisema. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mkijigamba kwamba hamwogopi kitu, afadhali mkapalilie kahawa.

Mapanga yetu hayakuwa ya chuma. Yalikuwa ya nyuzi za kaboni zilizofumwa kama kitambaa, zikapangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa kwa gundi inayoiva kwa joto. Ni mepesi na yana nguvu, lakini ukingo wa mbele ukipigwa na jiwe hubanduka. Nami nilihamishiwa kiwanja kidogo upande wa Muleba, changarawe tupu! Msimamizi wa Kituo alikuwa akifagia njia ya ndege kila asubuhi kama mwanamke anayesubiri wakwe, lakini mawe hayakwisha. Panga likiumia tulilifunga kwenye sanduku likapelekwa ng'ambo, na ndege ikakaa chini miezi na miezi huku wagonjwa wa kuvushwa ziwa wakisubiri.

Niliporudishwa Bukoba, Mhandisi Mkuu aliniita ofisini. "Nataka panga linalotengenezeka hapa hapa," alisema. "Chora."

Nilichora, akafuta, nikachora tena. Miaka ilipita hivyo. Mwishowe tuliutenga ukingo wa mbele ukawa utepe wa peke yake, uliobandikwa kwa gundi inayolegea ukiipasha joto la kiasi, kabla tabaka za ndani hazijadhurika. Utepe ukiumia unaupasha, unaung'oa kwa kabari ya mti, unabandika mwingine. Kazi ya miezi ikawa kazi ya siku moja. Wakaguzi waliyavunja mapanga yetu ya majaribio mpaka wakachoka, ndipo wakatupa idhini.

Sharti lilikuwa moja tu: usafi. Kabla ya kubandika unapiga msasa, unafuta kwa spiriti, kisha unamwaga maji. Maji yakitandaa, pamekuwa safi. Yakijikunja matone kama juu ya jani la mgomba, kuna mafuta, na gundi haitashika. Baada ya hapo hakuna mtu kugusa.

Sasa sikilizeni. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, na mnajua watu wa kwetu wakati huo. Kila mtu ana senene wake wa kukaanga kwenye karatasi, na ukikutana na mtu unamkaribisha, naye akikataa unamshangaa. Siku hiyo tulikuwa tunabandika utepe wa kwanza kwenye ndege ya safari. Niliyamwaga maji, yakatandaa vizuri. Nikaingia chumba cha pili kuchanganya gundi, nikarudi, nikabandika, nikalifunika panga kwa blanketi la umeme mpaka gundi ikaiva. Nikagonga. Ti, ti, ti, kutoka shina hadi ncha. Tukalifunga kwenye injini.

Wakati huo gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika uwanjani. Ndani alikuwa mdogo wangu Kokushubila, Koku, aliyeletwa kutoka Nshamba. Moyo wake ulikuwa unasita kupiga, na daktari alisema afike Mwanza siku hiyohiyo.

Nilikuwa nakusanya vifaa nilipoiona mezani, pale panga lilipokuwa limelazwa: karatasi iliyolowa mafuta, na senene mmoja ndani yake. Asubuhi nilikuwa nimemwona Mhandisi Mkuu akiwakaribisha wageni kwa karatasi kama ile. Nilitoka mbio hadi kwenye ndege, alikokuwa amesimama na rubani.

"Mkuu, ulikuwa na wageni karakana leo?"

"Wakubwa wa makao makuu. Niliwaonyesha panga letu. Umegonga?"

"Nimegonga."

"Limelia?"

"Limelia vizuri, mkuu."

"Sasa unatweta nini?"

"Mkuu, ulikula senene."

Rubani alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha.

"Unanihesabia senene, Kamugisha?"

"Uligusa ukingo?"

Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilipitisha kidole gumba. Niliwaonyesha ulivyo laini."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sarafu inatambua uwazi, haitambui mafuta. Utepe uliolala juu ya mafuta, ukabanwa vizuri, unalia sawasawa na ulioshika. Utalia hivyo mpaka ubanduke juu ya ziwa.

"Yule mgonjwa ni dada yako," alisema. "Ukibandua, gundi mpya itaiva jioni. Akitufia hapa?"

Niligeuka kulitazama gari la wagonjwa. Mkuu akaitazama mikono yake, akasema, "Bandua."

Kutoka kwenye gari nilimsikia Koku. "Kaka, bado?"

"Bado kidogo, Koku."

Tuliliteremsha panga, tukalirudisha mezani. Utepe ule ulipaswa kupashwa joto na kung'olewa kwa kabari. Kwenye ncha zote mbili ulihitaji hivyo. Katikati niliuinua kwa ukucha. Nikamwaga maji, yakatandaa kote, isipokuwa sehemu moja iliyofanya matone, upana wa kidole gumba.

"Mawe, mama yangu!" alisema Mhandisi Mkuu kwa Kihaya, akinong'ona. Akatoka nje, akaenda kukaa na Koku, akimpepea kwa kofia yake mpaka jioni. Alisema mikono yake haifai mle ndani.

Nilisafisha upya, nikabandika utepe mwingine, na gundi ilipoiva tukalifunga panga, nikapanda ndegeni pamoja na Koku. Ziwa lote nilikuwa nimeushika mkono wa Koku pale penye mshipa, sikio langu likiwa kwenye injini. Mshipa ulipiga, ukasita, ukapiga. Sikujua nisikilize kipi.

Baada ya siku ile liliwekwa beseni la maji na sabuni mlangoni mwa karakana, na Mhandisi Mkuu alikuwa wa kwanza kunawa kila asubuhi, mbele ya watu wote, mpaka alipostaafu. Mimi nilistaafu baadaye. Mapanga yale yanatengenezwa bado, na waliobaki wananiambia yanafanya kazi nzuri. Namshukuru Mungu, lakini ndege ikipita juu ya nyumba yangu hapa Kagondo naacha ninachofanya mpaka mlio wake upotee.

Koku, mnene sasa, mwenye wajukuu, huja kila msimu na senene wake. Tukisalimiana nakishika kiganja chake, kidole kikiteleza chenyewe hadi kwenye mshipa, nami nakawia kumwachia.

"Kaka, unapiga vizuri," huniambia akicheka.

"Nausikia," namjibu, na simwachii.